Nimeangalia Miners Shot Down, ile dokumentari ya mgomo wa Marikana, na haya ndio maoni yangu

Hii filamu nimeiangalia mara tatu sasa. Mara ya kwanza kwenye simu, bando likaniishia katikati nikaenda kujiunga tena usiku uleule maana nisingeweza kulala bila kuimaliza, mara ya pili peke yangu nikiwa na daftari, na mara ya tatu na binamu yangu anayepiga drili huko Chunya, na hiyo ya tatu ndiyo iliyonifanya nikae chini niandike.

Kwa ambao hawaijui, inaitwa Miners Shot Down, ya mwaka 2014, imeongozwa na Rehad Desai wa Afrika Kusini, ina dakika 86. Mwaka 2015 ilichukua tuzo ya Emmy ya kimataifa kwa upande wa dokumentari, kwahiyo sio kitu cha mtu mmoja na kamera yake uani. Inahusu mgomo wa wachimbaji wa platinamu pale Marikana, karibu na Rustenburg, Agosti 2012, ambapo polisi waliua wachimbaji 34 kwa siku moja, tarehe 16, na wengine 78 wakajeruhiwa. Wiki hiyo kabla ya tarehe 16 watu wengine kumi walishakufa, wakiwemo walinzi wawili wa kampuni na askari polisi wawili. Nadhani wengi wetu tuliiona ile klipu kwenye taarifa ya habari ya saa mbili, vumbi, askari wamejipanga mstari, watu wanatokea nyuma ya kichaka, milio, halafu vumbi linatulia na unaona watu wamelala chini. Mimi niliiona nikiwa kwenye mgahawa nakula, na mzee aliyekaa pembeni yangu akasema hao si ndio walikuja na mapanga, wangefanywaje. Nikakubali kimoyomoyo, naungama hapa. Kwa miaka kadhaa ndicho nilichokuwa nakijua kuhusu Marikana, kwamba kundi la watu wenye mapanga na mikuki liliwakimbilia polisi na polisi wakajihami.

Sasa kazi kubwa ya hii filamu ni hapo. Inaanza na klipu hiyohiyo tuliyoiona wote, halafu inakurudisha nyuma siku kadhaa na kuanza kuhesabu siku moja moja, tarehe fulani kilitokea hiki, kesho yake hiki, mpaka unafika tena kwenye ileile sekunde, ila safari hii unawajua wale watu. Unamjua yule aliyejifunga blanketi la kijani. Unajua walikuwa wanatoka wapi na walikuwa wanaelekea wapi. Yaani klipu haijabadilika hata kidogo ila macho yako ndiyo yamebadilika, na mimi sijawahi kuona filamu nyingine ikinifanyia hivyo kwa vitu ambavyo nilishaviona tayari.

Nieleze kidogo mgomo wenyewe maana filamu inaueleza vizuri lakini kwa haraka. Waliogoma ni wapiga drili, wale wanaoshika mashine ya kutoboa mwamba ili baruti iwekwe. Ni kazi ya chini kwa maana zote mbili, chini ya ardhi na chini kwenye mshahara. Walikuwa wanadai rand 12,500 kwa mwezi, kwa wakati ule ni kama dola 1,500 hivi, huku wenyewe wakisema mkononi kinabaki kama 4,000 au 5,000. Na hawakupitia chama. Hilo ndilo jambo la kulishika. Chama kilichokuwa na nguvu pale kilikuwa NUM, chama kikubwa cha wachimbaji, lakini hawa jamaa walikuwa wamekichoka, wanaona viongozi wake wamekuwa karibu zaidi na ofisi kuliko na shimo, wakaamua wachague wawakilishi wao wenyewe waende kwa mwajiri moja kwa moja. Mwajiri akawaambia sina cha kuongea na nyie, nendeni kwenye chama chenu. Wakaandamana kwenda ofisi za chama, tarehe 11, na huko wakapigwa risasi na watu wa chama chao wenyewe, wawili wakaanguka, wenzao wakaamini wamekufa. Kuanzia hapo ndipo wakapanda kile kilima na ndipo silaha za jadi zikaanza kubebwa. Yule mzee wa mgahawani hakujua hili, na mimi sikujua.

Kilima chenyewe ni mawe tu, kama yale mawe ya Mwanza ila madogo, kwenye uwanda mkavu wenye vichaka vya miiba, na pembeni ni mtaa wa vibanda vya mabati unaitwa Nkaneng ambako wengi wao walikuwa wanaishi. Waliketi pale siku baada ya siku wakisubiri kitu kimoja, bosi aje aongee nao. Hicho tu. Kila anayepelekwa kuongea nao wanamuuliza mwajiri yuko wapi. Hakuja mpaka mwisho.

Kuna vipande vitatu vilinishika sana.

Cha kwanza ni tarehe 13. Kundi la wachimbaji linarudi kilimani kwa miguu na polisi wanawazuia njiani, karibu na reli. Afisa wa polisi anawaambia waweke silaha chini. Yule wa blanketi la kijani, jina lake Mgcineni Noki, wenzake walimwita Mambush, miaka 30, kijana wa Eastern Cape, anaongea kwa utaratibu kabisa, anaomba tu wasindikizwe mpaka kilimani wakaziache huko. Wanapiga magoti, kundi zima. Polisi anaanza kuhesabu mpaka kumi. Wanainuka wanaondoka polepole, kwa hatua za kupima, wanaimba, polisi wanatembea pembeni yao, unaona kabisa hili jambo linaelekea kwisha salama, halafu bomu la machozi linapigwa na kila kitu kinavurugika, mpaka vumbi litulie wachimbaji watatu na polisi wawili wamekufa. Picha hizi zimepigwa na polisi wenyewe. Nimerudia kile kipande mara nyingi kuangalia nani kafanya nini kwanza na kila nikirudia naona ni watu wanaotembea.

Cha pili ni viongozi wa vyama. Tarehe 15 rais wa NUM analetwa ndani ya gari la deraya, anaongea kwa kipaza sauti akiwa ndani, hashuki. Jamani, kiongozi wa wachimbaji anaongea na wachimbaji kutoka ndani ya gari la polisi. Wanamwambia aondoke. Kesho yake Joseph Mathunjwa, rais wa chama pinzani AMCU, anaenda mwenyewe mpaka kilimani, na anapiga magoti mbele yao anawaomba waondoke, anawaambia watakufa hapa. Huyu si mtakatifu, naye alikuwa anatafuta wanachama, hilo linajulikana, lakini unapomwona yuko magotini kwenye vumbi, sauti imekauka, unaelewa kwamba huyu kashajua kitu. Na kweli siku hiyo asubuhi mkuu wa polisi wa jimbo alishawaambia waandishi kwamba leo wanalimaliza hili suala, na magari manne ya kubebea maiti yalishaombwa. Manne! Asubuhi! Hii ilitoka baadaye kwenye tume ya uchunguzi ya jaji Farlam. Niliposikia nilisimamisha filamu nikatoka nje nikakaa barazani kwa muda.

Cha tatu ndicho chenyewe. Saa kumi kasoro jioni. Polisi wanaanza kuvuta seng'enge ya wembe kutoka kwenye magari yao kuzungushia eneo, wachimbaji wanaona wanafungiwa, wanaanza kushuka kilimani kurudi Nkaneng, makwao. Hawakimbii, wengi wanatembea. Seng'enge inawakatia njia, wanazunguka, mabomu ya machozi na risasi za mpira vinapigwa kutoka nyuma na pembeni, vinawasukuma kwenye uwazi mdogo, na mbele ya ule uwazi ndipo walipo askari wenye bunduki za R5. Ile tuliyoiona sisi kwenye taarifa ya habari ni mwisho wa njia hiyo tu, kamera zilikuwa zimekaa upande wa askari ndiyo maana ilionekana kama wanawakimbilia. Risasi zaidi ya 300 kwa sekunde chache. Noki alikutwa na majeraha ya risasi 14.

Nilidhani hapo ndipo mwisho. Kumbe hapo wamekufa nusu tu. Wengine 17 waliuawa kama robo saa baadaye, mita mia kadhaa kutoka pale, kwenye kilima kingine kidogo walikokimbilia kujificha kati ya mawe. Huko hakukuwa na kamera za televisheni, kwahiyo kwa wiki mbili dunia nzima ilikuwa inazungumzia sehemu moja tu. Waliolifichua ni watafiti wa chuo na mwandishi Greg Marinovich, waliokwenda kuangalia na kukuta herufi za rangi ya njano zimechorwa kwenye mawe na wapelelezi, kila herufi mahali palipookotwa mtu, na nyingine ziko kwenye upenyo mdogo kati ya jiwe na jiwe ambako mtu angeweza kuwa amejikunyata tu. Wakati huohuo waliojeruhiwa kule kwenye uwazi walikaa kama saa nzima kabla ya kupata huduma. Filamu haipigi kelele hapa, inapunguza muziki, inawaacha walionusurika waongee. Mmoja wao alipigwa risasi nyingi akiwa tayari yuko chini, anaeleza kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtu anaeleza njia ya kwenda sokoni.

Sasa hapo nimwingize binamu. Yeye ana miaka kama ishirini kwenye mashimo, si kampuni kubwa, ni haya maduara yetu ya Chunya, na alikuja nyumbani kwa msiba nikamwambia kaka hebu tuangalie hiki. Kiingereza chake ni cha kuungaunga na mle ndani wengi wanaongea Kixhosa, maandishi ya chini ni ya Kiingereza, kwahiyo nilikuwa nasimamisha namtafsiria. Kwenye risasi hakusema kitu. Alichosema ni mapema zaidi, zilipotajwa kazi za wapiga drili, akaniambia dogo unajua kwanini wanadai hawa na sio watu wengine wa mgodi, akanyoosha mkono wake wa kulia juu ya meza, akaniambia subiri. Tukasubiri. Vidole vilikuwa vinatetemeka vyenyewe, kidogokidogo, kama simu iliyowekwa vibresheni, na hicho ni kipindi ambacho alikuwa na siku nne hajashika mashine. Akaniambia asubuhi za baridi vinakuwa vyeupe na havisikii kitu, akishika kikombe cha chai hajui kama ni cha moto mpaka aone mvuke. Ile mashine ina kilo kama 25, unaishika umepiga magoti au umejikunja maana kule kwenye mwamba wa platinamu hakuna urefu wa mtu kusimama, maji yanakumwagikia, kelele, vumbi la mwamba. Akaniambia mtu wa drili hata akikaa kwenye kikao anajulikana, anaongea kwa sauti ya juu kwa sababu hasikii.

Hiki ndicho nilichokikosa kwenye filamu, na ndio lawama yangu ya kwanza. Inakuonyesha mgomo vizuri kuliko inavyokuonyesha kazi. Kuna picha za chini ya ardhi lakini zinapita upesi. Mtu ambaye hajawahi kuona mkono kama wa binamu yangu anaweza kumaliza dakika 86 anajua kwamba hawa watu walidai 12,500 lakini hajui 12,500 ni bei ya nini. Ningekuwa mimi ningempa Desai dakika kumi zaidi za shimoni, hata kama zingepunguza za tume.

Lawama ya pili ni wanawake. Wajane wapo, unawaona, lakini kwa ufupi mno. Hawa wanaume wengi walitoka mbali, Eastern Cape na Lesotho, wana familia nyumbani na maisha mengine ya vibandani pale mgodini, mshahara mmoja unagawanywa nyumba mbili, mikopo juu yake. Hayo ndiyo maumivu ya mgomo kwa mwanamke, mwezi hela haijaja na dukani unadaiwa. Filamu inayohesabu siku ingeweza kuhesabu pia siku za mama mwenye sufuria, kwa maana mgomo uliendelea mpaka tarehe 18 Septemba, zaidi ya mwezi mmoja, na wale 34 wakiwa wameshakufa wenzao hawakurudi kazini, walikaa mpaka wakapata nyongeza iliyofika asilimia 22 kwa baadhi. Huo mwezi wa pili wa njaa na matanga filamu inaupitia kwa sentensi chache.

Ya tatu, na hii najua kuna watakaonikasirikia, ni wale kumi wa mwanzo. Walinzi wawili waliouawa tarehe 12 nao walikuwa watu wa mshahara mdogo waliotumwa na kampuni kusimama mbele ya kundi. Wale wachimbaji walioendelea kwenda kazini wakauawa nao pia. Filamu inawataja lakini haikai nao kama inavyokaa na wengine, na nadhani ingepata nguvu zaidi kama ingekaa nao, maana ukweli wa tarehe 16 ni mzito wa kutosha, haupunguzwi na kusema wazi kwamba na upande wa wagomaji kuna watu waliua. Kumtazama mjane wa mlinzi usoni kusingeondoa hata seng'enge moja pale uwanjani.

Lakini filamu haijifichi, inasema wazi iko upande gani, Desai anasimulia kwa sauti yake mwenyewe na anakwambia alikuwa wapi na alijisikiaje. Mimi naipenda zaidi hivyo kuliko zile zinazojifanya ziko katikati.

Kuhusu siasa yenyewe. Hapa ndipo wengi wanaikumbukia, kwa ajili ya Cyril Ramaphosa. Yeye ndiye aliyekuwa katibu mkuu wa kwanza wa NUM ilipoanzishwa mwaka 1982, ndiye aliyeongoza mgomo mkubwa wa wachimbaji wa 1987 wakati wa makaburu, na filamu inakuonyesha kijana yule, fulana, ngumi juu. Mwaka 2012 alikuwa ni mjumbe wa bodi ya Lonmin, kampuni yenye mgodi, na alikuwa na hisa. Tarehe 15 Agosti, siku moja kabla, aliandika barua pepe akisema yale mambo hayawezi kuitwa mgogoro wa kazi, ni uhalifu, na hatua zinazolingana zichukuliwe. Mawakili wa wachimbaji walizisoma barua hizo mbele ya tume ya jaji Farlam. Lazima niseme na upande wa pili, ripoti ya tume ilipotangazwa Juni 2015 haikumkuta na hatia, na mwaka 2017 aliomba radhi kwa lugha aliyoitumia, na mwaka uliofuata akawa rais wa nchi. Filamu ilitoka kabla ya ripoti kwahiyo hayo hayamo, ukiangalia leo ujue hilo. Ila kuwaona wale watu wawili kwenye skrini moja, yule wa 1987 na yule wa bodi, ni jambo linalouma kwa namna ambayo hotuba haiwezi, kwa sababu unagundua kwamba wapiga drili hawakuwa wanagombana na adui wa zamani, walikuwa wanagombana na watu ambao wachimbaji wenyewe waliwahi kuwaimbia nyimbo.

Na jingine ambalo filamu haligusi ila sisi huku linatuhusu. Hiyo Lonmin ni ileile Lonrho, ilibadilisha jina mwaka 1999. Wazee wanaikumbuka. Kule Kenya ndiyo iliyokuwa inamiliki gazeti la Standard kwa miaka mingi, na Tanzania serikali ya Mwalimu iliifukuza mwaka 1978 kwa sababu ya biashara zake na makaburu na Rhodesia. Mimi nilipolijua hili nikawaza ile platinamu inaenda wapi, nikamuuliza fundi wa magari mtaani, akanionyesha masega ya ekzosi, yale yanayoibiwa kwenye magari usiku, ndani yake ndimo platinamu inamokaa, huenda Toyota inayopita ina gramu chache za kule chini.

Tena kwangu kuna uhusiano wa karibu zaidi. Babu yangu mzaa baba alikwenda Wenela. Watu wa Rungwe na Kyela wanaijua hii kitu, ile kampuni iliyokuwa inakusanya vijana kutoka Malawi, Msumbiji na huku kwetu nyanda za juu kusini kuwapeleka migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, mpaka baada ya uhuru serikali ya Tanganyika ikaisimamisha. Alirudi na sanduku la bati lenye kufuli, baiskeli, koti zito, na kikohozi. Sanduku lipo mpaka leo nyumbani, tunawekea mbegu za mahindi. Alikuwa akituita watoto tukichelewa anasema tshetsha, tshetsha, tukadhani ni Kinyakyusa cha zamani, nimekuja kujua ukubwani kwamba ni Kifanakalo, ile lugha ya mashimoni ya kuamrishana. Hakuwahi kutuhadithia habari za shimo. Alihadithia treni, alihadithia nyama walizokuwa wanapewa, alihadithia Wazulu, shimo hapana. Sasa ndani ya filamu nimewasikia wanaume wa umri wa baba zangu wanaeleza kile ambacho babu hakusema, na nilipofika kwenye yule mtu anayeeleza risasi kwa sauti ya kawaida nikaitambua ile sauti. Ndivyo alivyokuwa anaongea babu jambo likiwa zito.

Upande wa ufundi niseme upesi tu. Picha nyingi ni za polisi, kamera za ulinzi za kampuni na televisheni, kwahiyo ubora unapanda na kushuka, usitegemee picha za kung'aa. Uhariri ni mzuri sana, hujapotea hata mara moja uko tarehe ngapi na saa ngapi. Muziki wa Philip Miller umetumia sauti za watu za chini chini, haukulazimishi kulia. Ramani zinazoonyesha kilima, seng'enge na magari ya polisi zimenisaidia mno, bila hizo nisingeelewa kwanini walipita pale walipopita. Kasoro ni hayo maandishi ya chini, yanapita haraka, na hakuna ya Kiswahili. Kama kuna mtu ana ujuzi wa kutafsiri na kuweka maandishi naomba sana alifanye, nipo tayari kusaidia na kulipia chakula cha mchana kila siku mpaka iishe. Watu wa Geita, Mererani, Kahama, Chunya, na ndugu zetu wa Kolwezi na Lubumbashi kule Kongo wanaoongea Kiswahili shimoni kila siku, hao ndio wenye filamu hii, na hawawezi kuisoma.

Ushauri kwa anayetaka kuiangalia. Ipo mtandaoni bure, iwekee bando la kutosha. Usiiangalie na watoto, maiti zinaonekana na hazijafichwa. Usiiangalie ukiwa unakula kama mimi siku niliyoiona ile klipu. Kama una mtu kwenye familia aliyewahi kufanya kazi mgodini, kubwa au ndogo, iangalie naye na usimharakishe, mwache asimamishe pale anapotaka kusimamisha, maana utapata filamu mbili kwa bei ya moja. Na ukimaliza usitegemee kuambiwa nani alifungwa. Wachimbaji 270 walikamatwa wakashtakiwa kwa mauaji ya wenzao waliopigwa risasi na polisi, kwa sheria iliyobaki kutoka enzi za makaburu, mpaka kelele zilipokuwa nyingi mashtaka yakaondolewa. Kwa wale 34 hakuna askari aliyehukumiwa mpaka naandika haya. Kampuni yenyewe ilinunuliwa 2019 na Sibanye-Stillwater, jina la Lonmin halipo tena.

Nyota nampa nne na nusu kati ya tano, hiyo nusu niliyokata ni ya wajane na ya shimo.

Binamu aliondoka Jumatatu na basi la alfajiri. Usiku kabla ya kulala alinipa flashi yake yenye nyimbo akaniomba nimwekee, anasema kwenye kambi yao kuna kijana ana laptopu na jenereta, wataiangalia wote Jumapili shimo likifungwa. Ilibidi nifute nyimbo kumi na moja ili itoshe, akaniambia futa tu. Akaniuliza kama nimeandika mahali tafsiri ya yale ninayomwambiaga nikisimamisha. Nikamwambia sijaandika. Tukakaa mpaka saa nane usiku mimi naangalia nasema, yeye anaandika kwenye daftari la mwanangu kwa ule mkono wake, herufi kubwa kubwa, dakika fulani huyu anasema hivi, dakika fulani yule anajibu hivi, kurasa kumi na tano, na tumefika tarehe 13 tu.